Diski ya Mbio au SSD? Kosa Langu la 2008

Vijana wanaoanza kazi hii ya kuandika programu huniuliza, "Kaka, nina pesa kidogo, ninunue diski ipi?" Mimi huwasimulia kwanza kosa langu.

Mwishoni mwa 2008 nilikuwa naandika programu ya karo kwa shule moja. Kila nikikompaili, nasubiri dakika 11. Nikirekebisha mstari mmoja, dakika 11 tena. Nilikuwa nimeahidi kumaliza kabla shule hazijafunguliwa Januari, na nusu ya malipo ilingoja siku hiyo. Binamu yangu alikuwa anakuja likizo kutoka Marekani, akasema nichague diski moja aniletee.

Nikabaki na mbili. Ya kwanza VelociRaptor ya Western Digital: GB 300, inazunguka mara 10,000 kwa dakika wakati diski za kawaida huzunguka 7,200. Ilitoka mwaka huo kwa dola 300 hivi. Ya pili SSD ya Intel, X25-M: haizunguki kabisa, ni chipu tupu. GB 80 tu, na ilipotoka ilikuwa karibu dola 600! Tena katika kuandika faili kubwa, ile ya kuzunguka ilifika kama MB 120 kwa sekunde, SSD ikiishia 70. Mnaona? Nafasi kubwa, bei nusu, mbio zaidi. Nikachagua VelociRaptor bila kufikiri mara mbili.

Dakika 11 zikawa 8. Nilifurahi wiki moja hivi, mpaka mwenzangu mmoja alipoikompaili programu ileile kwenye SSD yake. Dakika 4!

Usiku huo nilikaa chini na kalamu. Mizunguko 10,000 kwa dakika ni milisekunde 6 kwa mzunguko mmoja, kwa hivyo kwa wastani unangoja nusu yake, 3. Ongeza kama 4 za kichwa cha diski kusogea mahali pake. Jumla 7, yaani unachota sehemu kama 140 tu kwa sekunde. SSD haina kichwa cha kusogeza. Hungoja kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Na programu yangu ilikuwa maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika. Nilinunua matatu yenye mbio, kumbe safari yangu ilikuwa ya kusimama kila stegi.

Nilichelewa siku nne. Mhasibu wa shule alishaanza kuandika risiti kwa mkono, wazazi wamepanga foleni, na malipo yangu yakakatwa. Nilistahili.

Lakini ngojeni, hadithi haijaisha. Mwaka 2013 nikanunua SSD yangu, nikaona nimefika. Asubuhi moja stima ikapotea, ikarudi, na kompyuta haikuiona tena. Diski ya kuzunguka mara nyingi hugongagonga kwanza, ukajua inaumwa. Hii ilikufa kimya. Kilichoniokoa ni nakala niliyokuwa nimeweka kwenye ile VelociRaptor niliyoidharau. Nilipoteza kazi ya siku tatu badala ya miaka mitano.

Siku hizi ubishi wa mbio umekwisha. VelociRaptor za mwisho zilitoka 2012, na SSD ndogo imekuwa bei ya kufikika. Hata laptopu kuukuu ukiitia SSD inafufuka. Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: mfumo na kazi ya kila siku weka kwenye SSD. Picha, video na nakala za akiba weka kwenye diski ya kuzunguka, kwani kwa kila GB bado ni rahisi zaidi. Na kabla ya kusoma namba zilizoandikwa kwenye boksi, jiulize kompyuta yako inangoja nini hasa.

Halafu jioni, kabla hujazima, nakili kazi yako pengine. Mimi siku hizi silali bila hiyo.