Hata Githeri ya Jana Hupashwa

Ukisema unaishi Kongo, mtu asiyejua Nairobi hudhani umevuka mipaka miwili kuja mjini. Kongo yetu iko Kawangware. Haina mto mkubwa. Ina matope ya masika, vibanda vya chapo, na vijana ambao wakisikia tu kwamba mpira umepatikana Jumapili, wanatoka nyumbani wote kwa pamoja.

Kila mwaka ni hivyo. Machi hadi Mei mvua inafunga uwanja. Juni ikifika, udongo umekauka na mashimo yake, baridi imeingia kwenye mifupa, na kila msee anataka kurudi siku hiyo hiyo. Mtu ambaye kwa miezi mitatu ametoka kitandani hadi kazini na kazini hadi kitandani, anaingia uwanjani anakimbia kana kwamba kuna mtu anamlipa.

Mwaka ulionifanya niliangalie jambo hili vizuri ni 2021. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na mtaa mzima ukakumbuka kwamba una miguu. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, karo imegoma, naandika makala za watu kutoka chumba kimoja. Jirani yangu alikuwa fundi wa mjengo na beki wetu wa kutegemewa. Jumapili moja tulitembea hadi Kibera kucheza. Dakika za mwanzo kabisa akafukuza mpira, akakanyaga, akageuka. Mwili uligeuka, goti likabaki. Hakuna aliyemgusa. Wengine walicheka wakidhani anatafuta faulo.

Hapa kwetu, goti si habari ya michezo. Mjengo hulipa siku uliyofika, na ukikosa kufika hakuna anayekupigia simu kuuliza unaendeleaje. Wiki ya pili shemeji alianza kuvuka kwenda Lavington kutafuta nguo za kufua. Wiki ya tatu mwenye nyumba akaanza kusalimia kwa sauti kubwa. Mguu wa mtu mmoja ulikuwa umeangusha bajeti ya watu wanne.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu magoti kwa mtu asiye na digrii yoyote. Jambo la kwanza ni hili: ukikaa muda mrefu bila kucheza, pumzi hurudi mapema kuliko kano. Baada ya wiki chache za kukimbia unajisikia fiti, kumbe kano zinazofunga misuli kwenye mfupa bado ziko nyuma, zinahitaji muda zaidi kuzoea mzigo. Kifua kinakudanganya, goti ndilo linalolipa deni. Jambo la pili: misuli baridi ni migumu, na ujumbe wa ubongo kwenda mguuni bado haujachangamka. Ukiuamsha mwili taratibu, moyo unasukuma damu kwenye misuli, misuli inalegea, na mguu unajua mapema zaidi unatua wapi.

Kuna utaratibu wa bure unaoitwa FIFA 11+. Unachukua kama dakika 20 na hauhitaji mashine yoyote. Dakika nane za kwanza ni kukimbia polepole, huku unafungua nyonga na kubadilisha mwelekeo. Dakika kumi ni za nguvu na usawa: kujishikilia kwa viwiko, kusimama mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole, lisiingie ndani. Kuna zoezi la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo vya miguu, nawe unajiangusha mbele polepole. Hilo ni dawa ya misuli ya nyuma ya paja. Dakika mbili za mwisho ni mbio za kasi na kukata kona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuata wasichana 1,892 wa klabu za Norway. Waliofuata utaratibu huu waliumia pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wenzao, na majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu.

Nilipowasomea vijana wetu, mmoja akanijibu, "Buda, hiyo ni ya watu wako na nyasi." Mimi naona ni kinyume. Mwenye nyasi ana pia daktari wa timu na mshahara unaoingia akiwa kitandani. Sisi wenye mashimo na kibarua ndio tunahitaji hizo dakika 20 kuliko mtu yeyote.

Mwingine akasema kwamba kutoka Kongo hadi Kibera kwa miguu tayari ni kupasha. Hapo ana nusu ya ukweli. Kutembea kunaamsha damu, lakini hakufundishi goti kutua wala kugeuka ghafla. Na ukifika Kibera ukakaa kwenye jiwe nusu saa ukingoja refa, umepoa tena. Vilevile, ule mtindo wa kuvuta mguu na kuushikilia kwa dakika nzima ndipo uingie uwanjani hausaidii mbio. Unaweza hata kupunguza nguvu ya misuli kwa muda. Afadhali miguu iwe inatembea na kurushwa.

Mathe wangu hajawahi kuona mechi hadi mwisho, lakini ndiye aliyeelewa haraka. Nilimweleza huku akiwasha jiko. Akasema, "Hata githeri ya jana hupashwa, na haina magoti." Kisha akaniambia nisiweke sufuria, makaa hayajashika.

Jirani alirudi mjengo baada ya miezi mingi, kwanza kwa kuchanganya simiti, kazi ya kubeba mawe ngazini akaiacha. Hachezi tena. Jumapili huja mapema kuliko wote, anasimama kando ya uwanja na simu mkononi, na mpira ameushika chini ya kwapa. Hautoi mpaka dakika 20 ziishe. Vijana hulalamika, wanamwita mzee na hajafika hata thelathini. Lakini hupiga mistari miwili, na huanza kukimbia polepole.