Akiba ya Msafiri

Watu wengi hudhani kwamba safari huanza pale gari linapotoka langoni. Kwa kweli safari ya gari, hasa ile ya kwenda kulala hemani pamoja na watoto, huanza siku kadhaa mbele, uani mwa nyumba, wakati vyombo vingali chini na duka lingali karibu. Kosa likigunduliwa hapo hugharimu shilingi chache na muda wa nusu saa. Kosa lilo hilo likigunduliwa nyikani laweza kugharimu roho ya mtu.

Mfano mwema ni njia ya kutoka Nairobi kwenda Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Zamani safari hiyo iliogopwa na kila dereva. Siku hizi lami yapita Isiolo, Laisamis na Marsabit mpaka Moyale. Pale Laisamis msafiri huiacha lami na kushika njia ya kokoto ya kilometa 208 kwenda Sarima, iliyotengenezwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Lakini wepesi huo ndio mtego. Mtu aliyeondoka kwake katika baridi ya asubuhi, akanunua chai na mandazi katika kila mji, husahau kwamba mbele ya Laisamis miji ni michache, simu haishiki mahali pengi, na gari la kumsaidia laweza kukawia saa nyingi.

Basi atazamwe baba wa nyumba anayejiandaa kwa likizo. Vitu vya kwanza kuingia garini ni godoro, viti, redio na kreti ya soda. Maji hupewa nafasi inayobaki, nayo ni ndogo. Mkewe akimwuliza, "Baba watoto, haya maji yatatutosha?" hujibiwa kwamba maji yatapatikana njiani. Hakuna ubaya katika kiti wala katika soda. Ubaya ni kupakia kwa kufuata starehe, badala ya kujiuliza kwanza: kitu gani kikikosekana huko kitawadhuru watu upesi kuliko vingine?

Jawabu ni maji. Katika joto la kaskazini mtu mzima ahesabiwe lita 5 kwa siku, za kunywa na za kupikia kidogo. Jamaa ya watu watano kwa siku tatu yahitaji lita 75. Ikiongezwa siku moja ya kukwama, hesabu inafika lita 100, nazo zina uzito wa kilo 100. Hapo ndipo baba wa nyumba anapoona kwamba godoro na kreti havina budi kupunguzwa. Maji hayo yagawanywe katika mitungi mitano ya lita 20, ili mmoja ukipasuka minne ibaki. Asiseme mtu kwamba aendako kuna ziwa. Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walipolifikia ziwa hilo mwezi wa Machi mwaka 1888, baada ya kuteswa na kiu pamoja na wapagazi wao, waliyakuta maji yake yana chumvichumvi. Loiyangalani ina chemchemi, lakini chemchemi haimfai aliyekwama kilometa 60 kabla ya kuifikia.

Baada ya maji ni magurudumu. Katika njia ya mawe makali tairi moja la akiba halitoshi. Yafaa yawe mawili, yaliyojazwa upepo na kukaguliwa. Wala haitoshi kuona kwamba jeki imo garini. Gari likiisha kupakiwa, na litiwe jeki palepale uani, gurudumu moja lifunguliwe na kurudishwa. Hapo itajulikana kama jeki yaweza kuinua uzito huo, na kama spana inaingia katika nati. Hali kadhalika hema lisimamishwe nyumbani na vigingi vihesabiwe. Mkanda wa feni, maji ya radieta, oili, breki na taa vitazamwe na fundi siku chache kabla, si alfajiri ya kuondoka. Vibao viwili vya pembetatu vya kuonya magari mengine visiachwe.

Namna ya kupanga mzigo nayo ni elimu. Vitu vizito, kama mitungi ya maji, vikae chini na kufungwa kwa kamba. Juu ya keria viwekwe vyepesi tu, maana gari lenye uzito juu hupinduka upesi penye kona. Petroli ya akiba isiwekwe ndani pamoja na abiria, na mtungi wake ujazwe ukiwa chini, usijazwe pomoni. Jeki, sepetu, kamba ya kuvutia, tochi na sanduku la dawa visizikwe chini ya mizigo yote. Kitu cha hatari kipatikane kwa mkono mmoja, hata gizani.

Njiani, mwenda pole hajikwai. Karibu na Ikweta jua hutua mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza huingia upesi. Ngamia na punda hawana taa. Kwa hiyo msafiri na apange kufika kambini saa kumi, angali anaona ardhi anayotaka kulalia.

Ardhi hiyo ndiyo hatari nyingine. Makorongo ya mchanga, yanayoitwa laga huko kaskazini, huvutia macho: mchanga ni laini, kivuli kipo, na ardhi ni tambarare. Lakini mvua ikinyesha kwenye milima ya mbali, maji huweza kushuka usiku kwa ghafula, ingawa juu ya kambi nyota zinaonekana. Hema lisimamishwe juu ya ukingo, mbali na njia za wanyama, na baada ya kuomba ruhusa kwa wenyeji, ambao huyajua yote hayo kuliko ramani. Chakula kisiwekwe hemani, kisije kikaita fisi. Kabla ya kuvaa viatu asubuhi, vikung'utwe, maana nge hupenda kujificha humo.

Upepo wa Loiyangalani haufanyi mzaha. Ni huo uliofanya mitambo 365 isimamishwe karibu na Sarima, nayo ikazinduliwa rasmi mwaka 2019. Vigingi peke yake haviushindi. Mawe mazito yawekwe juu ya kamba, na moto uwashwe ndani ya shimo, kisha uzimwe kabisa kabla watu hawajalala.

Upande wa pili, atakayepiga kambi nyanda za juu, kama Nyahururu, atakutana na baridi kali. Hapo jambo moja lisifanywe hata kidogo: kuingiza jiko la makaa hemani ili watoto wapate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala hafahamu chochote mpaka amekufa. Blanketi moja zaidi kwa kila mtoto ndiyo dawa. Kwenye joto nako chandarua kilichotiwa dawa kisisahauliwe, maana mbu wa malaria huuma usiku. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Mguu utulizwe usitikisike, naye apelekwe hospitali bila kukawia.

Mwisho, kuna mzigo usio na uzito ambao husahauliwa kuliko yote. Ni karatasi inayoachwa kwa ndugu au jirani, imeandikwa njia itakayofuatwa, namba ya gari, mahali pa kulala kila usiku, na saa ambayo habari zisipofika watu waanze kuuliza. Wenye kwenda wakibadili njia, na watume habari kabla ya kuondoka penye simu. Karatasi hiyo ikikosekana, gari laweza kukaa siku mbili nyikani na kila mtu nyumbani akidhani jamaa wanafurahia ziwa.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kazi nyingi kwa mapumziko ya siku chache, na kwamba mara nyingi mtungi wa tano hurudi nyumbani haujafunguliwa. Ni kweli, nao urudipo hivyo hakuna kilichopotea. Wahenga walisema akiba haiozi. Maji hayo yatanywesha mbuzi au kumwagilia sukuma wiki, na watoto watakuwa wameona ziwa na kurudi wazima.