Tanuru lisilo na mvukuto

Wadau, leo nipo Sumbawanga na nina la moyoni. Chuoni nilisomeshwa viwanda vya Uingereza mpaka basi. Malungu ya Ufipa? Kimya!

Malungu ni matanuru ya udongo, urefu mita 3 hivi, yaliyoyeyusha chuma bila mvukuto. Urefu wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini. Chuma kilisafishwa baadaye kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mafundi walipovukuta.

Mavi ya chuma bado yanaokotwa: meusi, mengine yanang'aa kama chupa iliyovunjika. Profesa Bertram Mapunda ameichimba na kuiandika historia hii. Lakini jicho la fundi linalosoma moto haliandikiki. Jembe la dukani lilimnyima kazi, akaondoka nalo.

Kijana wa Nkansi, babu yako yupo? Muulize leo.