Kula Kidogo Si Kula Vibaya

Kwetu Basoko, pale mto Aruwimi unapojimwaga katika mto Kongo, mgeni hapimwi kwa maneno yake bali kwa mkono wake katika sahani. Akila vizuri, wenyeji hufurahi na kusema kwamba ana moyo mweupe. Akigusagusa tu na kuacha, watu hunong'onezana: ama ni mgonjwa, ama anaogopa sumu, ama ametudharau. Mwaka 2022 nilirudi kwetu nikiwa mgeni wa namna hiyo ya pili, na nusura niangamie kwa sababu niliona haya kusema neno moja la kweli. Nawaandikia habari hiyo ili iwafae wengine.

Jinsi nilivyonenepa

Nilizaliwa Basoko, nikasoma Kisangani, kisha nikamfuata mume wangu Ubelgiji. Huko nilifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Kazi ya usiku ina njaa yake, na njaa hiyo niliituliza kwa mikate, viazi vya kukaanga na soda. Asubuhi nilirudi nyumbani nikala kwanga na mchuzi wa mawese, kisha nikalala. Katika muda wa miaka 15 nilifika kilo 126. Ndugu zangu wa Basoko walipoona picha zangu walishangilia, wakisema, "Ulaya imempokea mtoto wetu." Hawakujua kwamba nilikuwa siwezi kupanda ngazi bila kupumzika, kwamba magoti yaliniuma usiku kucha, na kwamba damu yangu ilikuwa imejaa sukari.

Waganga hupima unene kwa hesabu nyepesi: uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Kwa kimo changu cha mita 1 na sentimeta 62, jibu langu lilikuwa 48. Nilidhani daktari atanigombeza kwa ulafi. Lakini yeye aliniambia kwamba unene wa namna hiyo ni ugonjwa, wala si mimi peke yangu niliyeupata: Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2022 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa nao.

Nilijaribu mwaka mzima kula kwa kipimo, nikapungua kilo sita na kurudisha nane. Ndipo mwezi wa Oktoba 2021 nilipokubali kupasuliwa. Walikata karibu robo tatu ya mfuko wangu wa chakula, wakaacha bomba jembamba mfano wa ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi tena.

Upasuaji huu una historia yake. Mwaka 1881 daktari Theodor Billroth wa Vienna alikuwa wa kwanza kukata sehemu ya mfuko wa chakula na mgonjwa akapona kidonda chake; tangu hapo wengi walikatwa hivyo kwa ajili ya saratani na vidonda vya tumbo. Baadaye daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona kwamba waliokatwa kwa ajili ya vidonda walikonda na kubaki wamekonda. Mwaka 1966 akaanza kutumia njia hiyo kuwatibu wanene. Kwa hiyo shida za mlo ninazozisimulia hapa si za waliopunguzwa unene peke yao. Hata yule aliyepasuliwa kidonda cha tumbo hapa kwetu hukutana na mengi ya hayo.

Mtaalamu wa vyakula alinifundisha sheria zake kama mtoto anayefundishwa katekisimu. Majuma ya kwanza ni vitu vya kunywa tu; kisha vilivyopondwa; mwezi wa pili vigumu, kidogo kidogo. Kula polepole, kwa muda wa dakika 20 au 30, na kutafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Usinywe maji pamoja na chakula. Ngoja nusu saa. Anza na vijenga mwili, yaani samaki, nyama, mayai, maharagwe, kisha mboga, mwisho ndipo ndizi, wali au muhogo, kama nafasi ingaliko. Vijenga mwili vifike gramu 60 kwa siku. Meza vidonge vya vitamini na madini siku zote za maisha yako, kwa maana mfuko uliokatwa haupokei tena kila kitu kama zamani. Niliyashika yote, na kwa miezi minane nikashuka hadi kilo 88. Sukari ya damu ikatulia.

Kwenye matanga

Mwezi wa Juni 2022 mama yangu akafariki. Nilishuka mto kutoka Kisangani katika boti kubwa ya mbao waitayo baleniere, tukapita Yangambi na Isangi, hata nikafika nyumbani nimechoka na roho imevunjika. Watu waliponiona walilia mara mbili: walimlilia mama, wakanililia na mimi. Waliyemjua kwa picha alikuwa mnene; aliyeshuka botini alikuwa na shingo iliyolegea na mashavu yaliyobonyea. Nikasikia mwanamke mmoja akisema nyuma yangu, "Huyu naye amekuja kufa kwao."

Ingenipasa kusema pale pale. Lakini ningewaambiaje watu wanaotafuta chakula tangu alfajiri kwamba nililipa fedha nikatwe tumbo ili nisile sana? Niliona aibu, nikanyamaza.

Mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, alinipikia kwa mikono yake: lituma ya ndizi iliyotwangwa vizuri, nyama ya mbuzi, na sombe yenye mawese. Macho yote yalikuwa juu yangu. Nikala haraka ili kuwaridhisha, nikashushia maji. Dakika chache baadaye kifua kikaniziba kana kwamba nimemeza jiwe, jasho likanitoka, nikakimbilia nyuma ya nyumba na kutapika. Kesho yake nilikataa sahani ya mama mkubwa. Kesho kutwa nikakataa tena. Siku ya nne hakuniletea kitu wala hakuitika salamu yangu. Dada yangu mdogo akanieleza: "Mama mkubwa amelia usiku kucha. Anasema wewe unamdhani mchawi, ati anataka kukutilia sumu katika chakula cha matanga ya ndugu yake."

Hata baada ya hapo sikusema. Nikajidai nina homa. Nilikuwa nimekusudia kukaa majuma matatu. Mambo ya nyumba ya marehemu yakaniweka miezi mitatu. Vidonge vyangu vikaisha. Nyama na samaki nikaviogopa kwa sababu ya siku ile, nikaishi kwa vitu vilivyopita koo bila taabu: chai ya sukari nyingi, ndizi mbivu za kupondwa, uji mweupe wa muhogo. Nilijisifu moyoni kwamba nakula kidogo kama nilivyoagizwa. Lakini kula kidogo na kula vibaya ni mambo mawili, nami nilikuwa nimeyachanganya.

Benchi la akina mama

Mwezi wa tatu nywele zilianza kutoka mafungu mafungu katika kitana. Nikisimama, kichwa kilizunguka. Kisha miguu ikavimba. Dada yangu akanishika mkono akanipeleka kituo cha afya, siku hiyo ikiwa siku ya kupima watoto wachanga. Nikaketi kwenye benchi la mbao katikati ya akina mama. Kushoto kwangu mtoto wa miaka miwili alikuwa amelala mapajani, nywele zake zimekuwa nyekundu na nyepesi, miguu yake imevimba kama yangu. Mnaujua ugonjwa huo, ambao ndugu zetu wa Kivu huuita bwaki. Ndio ule ambao daktari Cicely Williams aliuandika mwaka 1935 kwa jina la kwashiorkor, neno la watu wa Ghana, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Mwuguzi, mtu mpole mwenye mvi, alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Kisha akabonyeza wangu, na shimo likabaki vilevile. Akaniuliza, "Mama, unakula nini?" Nikajibu. Akatikisa kichwa: "Mtu mzima mwenye nyumba, samaki wamejaa mtoni, na wewe unakula kama mtoto huyu?" Hapo machozi yakanitoka, nikamweleza yote tangu mwanzo, mbele ya wale akina mama.

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Mama wa yule mtoto alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Kumbe hata shibe ina wagonjwa wake." Sijasahau neno hilo. Mimi niliugua kwa kingi na yeye mtoto wake aliugua kwa kichache, lakini tuliketi benchi moja na tukapewa fundisho moja: muhogo na sukari hujaza tumbo, lakini havijengi mwili.

Mwuguzi aliniagiza nipande Kisangani kupimwa damu. Huko walinikuta na upungufu wa damu, wakanipa vidonge vya chuma, sindano za vitamini B12, na vitamini B1, ambayo mwenye kutapika mara kwa mara huipoteza upesi, na ikikosekana miguu hufa ganzi na akili huchafuka. Nilinunua vidonge vya miezi mingi nikarudi Basoko.

Sahani ya watoto

Jioni ile ile nilikwenda kwa mama mkubwa, nikapiga magoti, nikamwonyesha makovu matano madogo tumboni mwangu. Alipapasa moja moja kwa kidole. "Mwanangu," akasema, "mbona hukuniambia? Mimi nimezaa tisa na kuzika watatu. Ningeshindwa kuelewa kovu?" Kisha akaingia ndani akatoka na bakuli dogo la bati ambalo mama yangu alikuwa akiwalishia wajukuu. "Hii ni sahani ya watoto. Lakini watoto wote wa nyumba hii walikua kwayo."

Tangu siku hiyo tulipanga mlo wangu kwa vyakula vya kwetu, wala hatukuhitaji kopo lolote kutoka Ulaya. Asubuhi yai moja, ambalo lina gramu 6 za vijenga mwili, na uji mzito wa mahindi, soya na karanga. Saa nne kipande cha papai. Adhuhuri samaki wa mtoni asiye na miiba, wa ukubwa wa kiganja: gramu 100 za samaki zina kama gramu 20 za vijenga mwili, na kwanga ya uzito huo huo haifikishi hata gramu 3. Pamoja naye vijiko viwili vya sombe, iliyotwangwa na kuchemshwa sana ili sumu ya majani itoke, na mawese kijiko kimoja kidogo tu. Mawese mekundu yana vitamini A nyingi, lakini kijiko kikubwa kimoja kina nguvu ya kalori 120, nami nisiyetaka kunenepa tena lazima nihesabu. Alasiri maharagwe yaliyopondwa. Jioni samaki tena, au viwavi vikavu vilivyosagwa na kutiwa katika mchuzi wa lengalenga. Viwavi vikavu vina vijenga mwili kupita nusu ya uzito wake. Lituma nilibakiziwa vijiko viwili, vya mwisho, kwa furaha ya ulimi. Chai ikawa haina sukari. Na lotoko, ambayo sikuwa mnywaji wake, nilikatazwa kabisa, kwa kuwa pombe huingia katika damu ya mtu aliyekatwa tumbo upesi mno kuliko kwa wengine. Haba na haba, mara tano au sita kwa siku, kibaba kilijaa. Baada ya miezi miwili miguu ilikuwa imenywea na nywele mpya zinachomoza.

Siku ya kumaliza matanga ilifika. Watu walikuwa wengi na sufuria zilikuwa kubwa. Mama mkubwa alinivuta niketi karibu naye, akaniwekea lile bakuli dogo mbele ya wote. Shemeji mmoja alipoanza kunung'unika kwamba Wazungu wamenifundisha majivuno, mama mkubwa alimjibu kwa sauti: "Huyu anakula anavyopaswa kula. Asiyesadiki aniulize mimi niliyempikia." Hakuna aliyeuliza, na mimi nikala samaki wangu polepole mpaka mwisho.

Ndugu zangu, simshauri mtu yeyote kupasuliwa wala simkatazi. Hilo ni la mgonjwa na daktari wake. Lakini kama nyumbani kwenu yupo aliyekatwa tumbo, kwa unene au kwa kidonda, msimlazimishe sahani kubwa, wala msimwache na uji mweupe na chai. Mpeni kidogo kilicho bora, na mpeni muda wa kutafuna. Na wewe mgonjwa mwenzangu, waambie wanaokupikia. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi kilio kilikuwa mlangoni tayari, na kilichonirudisha ni kidole cha mwuguzi na bakuli la mama yangu.