Tulijifunza Kuogelea Nyikani

Wageni hudhani kwamba kila aliyezaliwa Lamu anajua kuogelea. Wanawake tunajua kwamba sivyo. Sisi tulichezea maji ya ufukweni hadi tulipofikia umri wa kuvaa buibui, na tangu hapo bahari ikawa kitu cha kutazamwa, au cha kuvukwa tukiwa tumeketi katikati ya mashua, tumeshikana mikono. Shangazi yetu alizama hatua chache tu kutoka gatini. Waliokuwa karibu naye wote walikuwa wanawake, na hawakuwa na la kufanya ila kupiga mayowe.

Kazi ya baba watoto ndiyo iliyotupeleka Kiritiri, upande wa Mbeere katika kaunti ya Embu: sisi, wifi yetu na binti yetu wa miaka tisa. Asikiaye jina la Embu hufikiria Mlima Kenya, mvua na mashamba ya majani chai. Hayo yako juu. Ukiteremka kuelekea mto Tana, nchi hukauka: migunga, mawe, mbuzi, na mashamba ya muguka. (Soko lake kubwa ni pwani kwetu. Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku, majirani walitutazama kwa siku kadhaa kana kwamba sisi ndio tuliotia sahihi.) Maji tuliletewa kwa punda, mtungi wa lita 20 kwa mtungi, nasi tukajifunza kutawadha kwa kikombe kimoja.

Na ilhali maji yalikuwa haba hivyo nyumbani, chini ya vilima mto umezuiwa mara tano kwa ajili ya umeme. Kindaruma ndilo bwawa la kwanza, la mwaka 1968. Zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na, mwaka 1988, Kiambere. Mara ya kwanza tulipoliona bwawa la Kamburu, wifi yetu alilia. Lilikuwa na rangi ya bahari ya asubuhi, na mitumbwi juu yake.

Jirani yetu, mama mtu mzima anayeuza samaki, hupanda mitumbwi hiyo kila wiki. Siku moja alituambia, "Mimi naogopa maji tangu utotoni. Nyinyi ni watu wa bahari, nifundisheni kuogelea." Tulitazamana. Kumwambia kweli kulitutia haya kuliko tulivyotarajia. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akasema basi tutafute wa kutufundisha sote.

Bwawani haiwezekani, kwani mna mamba na viboko. Tukapanda matatu hadi mjini Embu. Hoteli ya kwanza ilitukatalia kwa sababu ya mavazi yetu. Ya pili ilitupa Alhamisi asubuhi, saa tatu hadi saa tano, ikafunga lango, na mwalimu akawa mwanamke. Fundi cherehani wa sokoni alitushonea suruali na kanzu fupi za nailoni, maana pamba ikilowa huvuta chini kama nanga. Hilo tulilijua baada ya jaribio la kwanza, tuliloingia na madera.

Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Isitoshe, maji matamu hayambebi mtu kama maji ya chumvi, hivyo miguu yetu ilizama kila tulipojilaza. Mwalimu hakutufundisha kupiga mikono wala miguu kwanza. Kwa majuma matatu alitufundisha kutoa pumzi uso ukiwa majini, kisha kulala chali na kunyamaza. "Anayezama ni yule anayepigana na maji," alikuwa akisema, huku amekishika kisogo cha mmoja wetu kwa vidole viwili. Binti yetu alielea siku ya pili. Jirani yetu alielea juma la tano. Sisi tulikuwa wa mwisho, kwa kuwa kila masikio yalipoingia maji tulisikia yale mayowe ya gatini.

Juma la nane vidole vile viliondoka kisogoni, nasi hatukujua hadi tuliposikia wenzetu wanapiga vigelegele.

Likizo ya Agosti tulirudi kwetu. Basi la Lamu lilipovuka daraja la Garsen, binti yetu aliuliza mto ule ni upi. Tulimwambia ni Tana yuleyule: akitoka Kiambere hupita mpakani mwa mbuga ya Meru, akashuka Garissa na Hola, akaingia baharini Kipini. Akayatazama yale maji mekundu hadi yalipopotea.

Alfajiri ya pili, kabla ya wanaume kufika ufukweni Shela, tuliingia baharini na nguo zetu za nailoni, tukalala chali. Chumvi ilitubeba bila taabu. Mama yetu mzazi, mwenye miaka 68, alikuwa amesimama mchangani na mkoba wetu kifuani, akihesabu vichwa kwa sauti. Alipohesabu vyote vitatu mara ya nne, akauweka mkoba chini na kuuliza kama fundi yule wa Embu anaweza kushona kwa vipimo vya kutumiwa kwa simu.