Yule Waliyesema Amerukwa na Akili

Wasee, mnakumbuka ile stori ya 1952? Elizabeth akiwa Treetops kule Nyeri, babake anafariki Sandringham, naye anakuwa malkia akiwa huku kwetu. Jamaa aliyekuwa naye ni mumewe, Philip. Hiyo tuliisoma shuleni. Lakini mimi stori ninayoitaka ni ya mamake huyo Philip.

Anaitwa Alice wa Battenberg, kitukuu cha Malkia Victoria. Alizaliwa Windsor mwaka wa 1885, akiwa kiziwi. Akajifunza kusoma midomo, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. (Shikilia hapo kwa Kijerumani, tutarudi.) 1903 akaolewa na Prince Andrew wa Ugiriki, wakazaa watoto watano.

1930 mambo yakaharibika. Alikuwa anasema anapokea ujumbe kutoka juu. Madaktari wakasema ni skizofrenia, akabebwa kwa nguvu hadi hospitali ya akili Uswisi. Philip hakuwa hata amefikisha miaka tisa. Freud, ndio, Freud mwenyewe, aliulizwa ushauri, akasema apigwe eksirei kwenye ovari. Maze, ovari! Alice aliwaambia yuko sawa. Nani alimskiza?

Hapo ndipo nilianza kumpenda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa, kichwa tu kilikataa. Wiki tatu sikutoka kwa chumba. Mpaka leo, kukiwa na harusi ama matanga ocha, kuna auntie ataniongelea nikiwa papo hapo, kwa sauti ya chini, eti "huyu ndiye yule." Nasikia, auntie.

Alice alitoka hospitali baada ya miaka miwili na kitu, na 1938 akarudi kuishi Athens. Vita vikamkuta huko. Mabinti zake walikuwa wameolewa na Wajerumani, mkwe mmoja afisa wa SS kabisa. Mwanawe naye yuko kwa navy ya Uingereza. Yeye katikati, anapikia watu supu kwa sababu njaa ilikuwa inaua Athens.

1943 Wajerumani wakaanza kuwasaka Wayahudi wa mji huo. Kulikuwa na mjane, Rachel Cohen. Zamani marehemu mumewe aliwahi kumsaidia mfalme wa Ugiriki, na mfalme akaahidi kwamba siku moja atarudisha mkono. Familia ikakumbuka hiyo ahadi. Alice akamficha Rachel na bintiye nyumbani, baadaye na kijana wake mmoja. Mwaka mzima hivi, mpaka Oktoba 1944 Wajerumani walipotoka. Angekamatwa, ingekuwa basi.

Gestapo wakamjia na maswali. Akawaangalia tu. Hasikii. Haelewi wanasema nini. Huyu mtu amesoma midomo ya Wajerumani tangu utotoni! Wakamwona kama mama kiziwi tu, wakaenda zao.

Alifariki 1969. Yad Vashem wakamheshimu 1993, na mwaka uliofuata Philip akaenda Jerusalem, akasema anadhani mamake hata hakuona kama alifanya kitu spesheli.

Desemba nikienda ocha nitamwonyesha auntie picha yake. Ile ya 1953, siku Elizabeth alitawazwa. Kila mtu ni vito na mataji, halafu Alice huyu hapa, na nguo ya kijivu ya mtawa.