Mistari 19 niliyoifuta

Leo ni zamu yangu ya kuandika, na nimeona bora niiseme hii habari mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine.

Wengi hapa Nyarugusu mnanijua kama yule kijana wa laptopu, anayekaa kituo cha vijana na rundo la fomu. Kazi yangu ya kujitolea ni kuingiza majina kwenye Excel. Mwaka jana likaja tangazo la kozi ya kompyuta ya mtandaoni, watu 186 wakajiandikisha. Majibu yote yangekuja kwa barua pepe, na aliyechaguliwa alikuwa na siku 5 tu za kufungua mwaliko na kukubali. Yaani imeli yako ikikosewa herufi moja, umekwisha.

Na imeli zetu jamani! Kuna "gmial.com". Kuna ".con". Kuna mtu kaweka "www" mbele. Kuna aliyeandika namba ya simu kwa sababu alifikiri tunataka WhatsApp. Siwacheki, maana fomu nyingine zimeandikwa juu ya goti, mtu amesimama kwenye foleni ya mgao na jua linamchoma. Wengine walinitumia anwani kwa WhatsApp, nikawa nakopi tu na kubandika.

Nilianza kuzikagua kwa macho. Nilipofika kama mstari wa 60 hivi, macho yakaanza kuona kila kitu ni sawa. Hapo mfanyakazi mmoja wa shirika akanionyesha kubonyeza Alt na F11, dirisha likafunguka, akasema hapa unaandika makro. Makro ni maagizo unayoiandikia Excel, nayo inayafuata mstari kwa mstari bila kuchoka na bila kuuliza. Hilo la bila kuuliza sikulitilia maanani siku ile.

Nikajifunza jioni, sola ikiruhusu. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa hiki:

If Not e Like "?*@?*.?*" Or InStr(e, " ") > 0 Then Rows(i).Delete

Maana yake: kama anwani haina kitu kabla ya @, kitu baada yake, halafu nukta na kitu tena, au kama ina nafasi ndani, futa mstari mzima. Nilijiona fundi kweli. Nikaendesha makro, nikaona bado mistari mibovu imebaki. Nikaendesha tena. Ikapungua. Mara ya tatu ikawa safi kabisa. Sikujiuliza kwa nini mara tatu. Kumbe ukifuta mstari wa 5, ule wa 6 unapanda kuwa wa 5, na makro yako imeshasonga kwenda wa 6, kwa hiyo inauruka. Unatakiwa uanzie chini kupanda juu. Lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba nilihifadhi faili, nikalituma shirika, nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Baada ya siku kama 10 akaja dada mmoja anayesuka nywele karibu na soko. Amemaliza sekondari miaka 3 iliyopita na tangu hapo anaomba kila nafasi inayotangazwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini tu, "Kaka, mbona mimi sijapata hata ile barua ya kusema sikuchaguliwa?"

Nikafungua orodha. Hayupo. Nikatafuta jina lake kwa tahajia tatu. Hayupo. Nikabonyeza Ctrl na Z kama mtoto, wakati faili lilishafungwa siku nyingi. Na hata lingekuwa bado wazi isingesaidia, kwa sababu makro ikishafanya kazi, Excel hairudishi nyuma ilichofanya. Nikafungua WhatsApp, nikapanda juu mpaka ujumbe wake. Upo. Anwani yake ilikuwa nzuri kabisa, ila kibodi ya simu ilikuwa imemwekea nafasi baada ya nukta: "gmail. com". Nafasi moja tu.

Nikakaa na zile fomu za karatasi na simu yangu mpaka usiku. Watu waliofutwa walikuwa 19. Kati yao 8 walikuwa na tatizo la nafasi tu, kitu ambacho Replace ingekitengeneza kwa sekunde moja. Wengine 4 walikosea jina la Gmail kwa namna ambayo hata nafasi ilikuwemo, 3 waliandika namba za simu, na 4 mpaka leo mwandiko wao sijauelewa. Nikawaeleza shirika. Walinisikiliza vizuri, lakini orodha ilikuwa imeshafungwa. Nilienda kwa wale niliowajua kwao, nyumba kwa nyumba. Kijana mmoja alinifokea mbele ya mama yake, na mama hakumkataza. Yule dada hakusema kitu. Aliendelea kusuka.

Makro yangu ya sasa haifuti. Inaondoa nafasi zote, pamoja na ile isiyoonekana inayokuja ukikopi kutoka mtandaoni, Chr(160), ambayo Trim haiioni. Halafu inapaka rangi: nyekundu kwa isiyo na umbo la imeli, njano kwa ".con" na ndugu zake, buluu kwa anwani inayojirudia. Anwani ya mwanzo inabaki kwenye safu yake, iliyosafishwa inaandikwa pembeni. Na kabla ya yote nahifadhi nakala ya faili yenye tarehe.

Ile buluu ndiyo imenifundisha zaidi. Kuna watu 5 walioandika imeli moja, ya kijana mwenye kibanda cha intaneti aliyewafungulia. Makro inasema ni sahihi, na ni sahihi kweli. Lakini anayeifungua ni yeye. Hata wale waliofunguliwa akaunti zao wenyewe, wengine namba ya simu iliyowekwa ni ya mwenye kibanda, kwa hiyo wakisahau neno la siri, msimbo unaenda kwake. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hakuna makro itakayowaambia hilo. Kwenye fomu ongezeni swali: nani mwingine anaifungua imeli hii? Na faili lenye majina na simu zetu msilitupe kwenye makundi ya WhatsApp, tafadhali.

Siku hizi namtumia mtu ujumbe akiwa bado amekaa mbele yangu, kwa bando langu, nangoja anionyeshe umefika. Foleni inalalamika. Acha ilalamike.

Orodha mpya inafungwa wiki ijayo. Yule dada nilimfuata mwenyewe pale anaposukia, sikungoja aje. Aliniandikia anwani polepole, akanisomea herufi moja moja, na alipofika kwenye nukta akaniangalia. Yuko mstari wa 4. Jana nilimtumia ujumbe wa majaribio, akajibu neno moja: "Nimeona."